Diploma nayo ina dirisha lake la usajili

MASHABIKI wa Geita Gold hawahitaji kukumbushwa. Msimu wa 2021/22 George Mpole alitupia mabao 17, akawa mfungaji bora, na timu ikamaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka daraja. Mpira ndivyo ulivyo.

Sasa wewe mchezaji wa Shinyanga au Geita mwenye diploma kabatini, usiiache ipigwe vumbi. Vyuo vikuu binafsi kama SAUT pale Mwanza, maombi unapeleka chuoni moja kwa moja.

Masharti? GPA isipungue 3.0, na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Halafu kuna AVN, namba ya uhakiki kutoka NACTVET. Hiyo ndiyo ITC yako: bila hiyo, hata uwe fundi vipi, unabaki jukwaani. Iombe mapema, usingoje dirisha lifungwe.

Mimi mwenyewe nina diploma ya uandishi, na safari hii nimeomba. Ada ndiyo beki kisiki; posho ya kuripoti mechi za Kambarage haimpiti. Naendelea kujichanga. Nikipata, wikiendi mtanikuta Nyamagana.