Matumizi ya Hojaji na Uchambuzi wa Data katika Uhusiano wa Vyuo na Wahitimu: Mfano wa Mhitimu Atokaye Mwazye, Rukwa

Vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa ruzuku ya Serikali na ada za wanafunzi. Chanzo kingine kinachotazamiwa ni michango ya wahitimu. Makala hii inaeleza jinsi hojaji na uchambuzi wa data vinavyoweza kuongoza uchangishaji huo, na jinsi vinavyoweza kuupotosha. Hoja kuu ni kwamba ukimya wa mhitimu haupaswi kuhesabiwa kuwa ni kukataa, wala jibu la "ndiyo" kuhesabiwa kuwa ni fedha. Mwazye, kata ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, inatumika kama mfano kwa kuwa mhitimu aliyerejea kufundisha au kulima mbali na miji mikubwa ni mwepesi kupotea katika orodha ya chuo.

Sampuli haiwezi kuwa bora kuliko orodha inamotolewa. Namba ya simu aliyoiandika mwanafunzi wakati wa udahili huenda haitumiki tena, hasa kwa kuwa kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Majina ya maeneo nayo hubadilika. Wilaya ya Kalambo ilianzishwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Sumbawanga Vijijini. Kwa hiyo, mhitimu wa mwaka 2005 kutoka Mwazye anaweza kuwa ameandikwa chini ya Sumbawanga, na wa mwaka 2015 chini ya Kalambo. Mchambuzi asiyeoanisha kumbukumbu hizo ataona wilaya mbili mahali palipo na kijiji kimoja.

Athari ya orodha pungufu huonekana katika hesabu. Ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, kwamba chuo kina wahitimu 1,000, ambao 700 kati yao wana anwani zinazofika. Wahitimu 140 wanajibu hojaji, na 84 wanasema wako tayari kuchangia. Taarifa inaweza kutangaza kwamba asilimia 60 wako tayari, lakini hao ni asilimia 12 tu ya waliofikiwa na asilimia 8.4 ya wahitimu wote. Bweni lililopangiwa bajeti kwa kufuata asilimia 60 litaishia kwenye msingi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba wahitimu 860 waliosalia hawana moyo wa kutoa. Kati yao, 300 hawakuulizwa kabisa. Njia inayofaa ni kuchagua kwa bahati nasibu sampuli ndogo ya walionyamaza, kuwatafuta kwa njia nyingine, kisha kulinganisha majibu yao na ya waliojibu mapema. Sampuli igawanywe pia katika matabaka ya mwaka wa kuhitimu, ajira na makazi, ili sauti ya waishio Dar es Salaam isimeze ya waishio Ufipa.

Muundo wa swali nao una uzito. Swali "Je, uko tayari kuchangia chuo chako?" hualika jibu la adabu, kwa kuwa wengi huona haya kumkatalia aliyewafundisha. Swali linalohusu matendo hutoa data thabiti zaidi: katika miezi 12 iliyopita mhojiwa alichangia nini, wapi, na kwa njia ipi? Majibu yanaweza kuonesha kwamba anayehesabiwa kuwa si mtoaji huchangia harusi, misiba, kanisa na ujenzi wa madarasa. Majira pia yazingatiwe. Kwa mkulima wa mahindi na maharage, ahadi inayodaiwa Januari, wakati wa mvua na palizi, si sawa na inayodaiwa baada ya mavuno.

Uchambuzi utenganishe vilevile wahitimu wanaorejesha mikopo ya elimu ya juu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato ya mwajiriwa mnufaika ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Fedha hizo huenda Bodi ya Mikopo, si chuoni, lakini mhitimu anaweza kuona kwamba tayari anailipia elimu yake. Asipotenganishwa, uzito wa makato utasomeka kama ukosefu wa uzalendo kwa chuo.

Hatimaye, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali lililoelezwa wazi. Hivyo, anayemtafuta mhitimu kupitia shule au parokia apeleke ujumbe tu, na kumwachia mhitimu uamuzi wa kujibu.

Kwa muhtasari, kila taarifa ya utafiti wa aina hii inapaswa kuonesha idadi ya wahitimu wote, waliofikiwa, waliojibu, walioahidi, na waliotoa kweli. Tarakimu hizo tano zikiwekwa pamoja, chuo kitajua penye upungufu wa moyo na penye upungufu wa anwani.