Mashine ya Kuchoronga na Kifua cha Baba

Akina mama wapendwa, ninyi mnaoishi Mwakitolyo, Kakola, Nyarugusu na kwingineko ambako baba wa nyumba hushuka shimoni kutafuta dhahabu, makala haya yanawahusu hasa. Mama wa mjini naye asifunue ukurasa haraka, maana huenda kaka yake au mwanawe yuko huko huko.

Zamani mwamba ulitobolewa kwa moko na nyundo. Mtu alipiga tangu asubuhi, na jioni tundu lake la kutia baruti lilikuwa bado fupi. Siku hizi duara lenye uwezo kidogo lina mashine: jakihama inayosukumwa na hewa ya kompresa, au mashine ya umeme ya mkononi inayotegemea jenereta. Hata zile za betri zisizo na waya, wanazozipenda mafundi seremala, zimejaa madukani, ingawa kwa mwamba mgumu nyingi hazifui dafu. Katika nchi za baridi kama Finland na Kanada, wavuvi hufunga keekee ndefu kwenye mashine za betri za namna hiyo, wakatoboa barafu iliyofunika ziwa ili wateremshe ndoano. Pale kinachoruka ni chembe za barafu, ambazo baadaye huyeyuka zikawa maji. Kinachoruka shimoni kwetu ni unga wa jiwe, nao hauyeyuki ng'o.

Hatuandiki ili kuwachukiza akina baba mashine zao. Kazi ya moko iliwavunja wengi migongo, na ada za shule hulipwa kwa yale matundu. Lakini mashine husaga jiwe kwa kasi, ndani ya shimo lisilopitisha upepo, nayo hutoa kwa muda mfupi vumbi ambalo moko lisingeweza kulitoa kwa siku nzima. Tena vumbi hilo hutoka mbele ya pua ya aliyeshika mashine.

Dhahabu ya kanda yetu mara nyingi hukaa katika jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi. Jiwe hilo limejaa madini ya silika (si ile silika ya mtu, tabia aliyozaliwa nayo!). Linaposagwa, chembe zake nyingine huwa nyembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi. Vumbi unaloliona likicheza mwangani, sehemu yake kubwa hukamatwa puani na kooni, mtu akalitema. Lile usiloliona ndilo linaloshuka hadi chini kabisa ya mapafu. Huko mwili hupambana nalo usiweze kuliondoa, na mahali pa mapambano panabaki makovu. Pafu lenye makovu halitanuki vizuri. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Ubaya wake mwingine ni kwamba unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi na kurudi kijijini kulima mpunga.

Kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza. Vumbi likiwa jingi mno, miaka michache yatosha, na mara nyingine hata miezi. Sasa tazameni hesabu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa katika machimbo madogo ya dhahabu ya kaskazini magharibi mwa Tanzania. Kwa wale waliochoronga chini ya ardhi, silika iliyokuwa hewani ilizidi mara 300 kile kiwango ambacho wataalamu wa Marekani wanashauri kisipitwe. Juu ya ardhi, kiwango hicho kilizidiwa mara nne hivi. Akina mama mnaoponda mawe na kuchekecha huku mtoto yuko mgongoni, hiyo mara nne ni yenu pamoja na mtoto.

KIKOHOZI KISICHOISHA

Tunapofanya kazi ya uuguzi tunawaona. Mama anakuja kliniki na mtoto, na mtoto akishapimwa uzito, anabaki amesimama. "Nesi, baba yake anakohoa tangu msimu wa kupanda. Alimeza dawa za kifua kikuu mwaka juzi akazimaliza. Sasa akipanda kile kilima cha kwetu anakaa njiani mara mbili." Ukimwuliza baba anafanya kazi gani, atasema, "Anatafuta tu." Hapo ndipo habari inapopotelea, kwa sababu kutafuta kuko kwa namna nyingi, na mvuta winchi si sawa na mchorongaji.

Silikosisi na kifua kikuu hufanana kwa kikohozi, kukonda na kuchoka. Tena ni marafiki wabaya. Mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kirahisi zaidi, kama mara tatu ya mtu mwingine, na akiwa pia na virusi vya UKIMWI hatari hiyo huongezeka mno. Kwa hiyo msiseme, "Ni vumbi tu, litapita." Makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi sita bila kuruka. Baba akigundulika nacho, watoto wote wa nyumba wapelekwe kuchunguzwa, na wale walio chini ya miaka mitano wasio wagonjwa wapewe dawa za kinga.

Na makohozi yakionekana safi lakini pumzi bado haitoshi, ombeni picha ya eksirei ya kifua. Mwambieni daktari bila kuzunguka: "Mume wangu anachoronga mwamba kwa mashine, sasa ni mwaka wa saba." Sentensi hiyo moja humfanya daktari aitazame picha kwa jicho jingine. Tunajua wapo watu waliorudishiwa dawa zile zile za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu kwa sababu hakuna aliyetaja kazi yao.

MAJI

Mwishoni mwa karne ya 19, mashine za kwanza za hewa zilipoingia machimbo ya Marekani, zilichoronga jiwe kavu. Wachimbaji wenyewe wakazipa jina: mtia ujane. Katika miaka ya 1890 fundi mmoja wa Colorado, John George Leyner, alitengeneza mashine iliyopitisha maji ndani ya chuma cha kuchorongea, vumbi likageuka tope kabla halijaruka. Pamoja na hayo, mwaka 1930 na 1931, katika kuchimba handaki la Hawks Nest kule West Virginia, vibarua walichorongeshwa jiwe la silika bila maji, maana kazi kavu ilikuwa ya haraka. Walikufa kwa mamia. Dawa ya vumbi ilikwisha kujulikana, ila haikutumika.

Jakihama nyingi zina mahali pa kuunganishia mpira wa maji. Mwulizeni baba kama mpira huo umefungwa. Watu husema maji hakuna, na ni kweli kiangazi cha Shinyanga tunakijua. Lakini duara lenye pampu inayotupa maji nje mchana kutwa lina maji ya kutosha kuchorongea. Kwa mashine ya umeme, hata ya betri, angalieni sana: isimwagiwe maji, kwani umeme huua haraka kuliko vumbi. Hapo mwamba uloweshwe kwanza na mashine ibaki kavu, au kazi hiyo waachiwe wenye mashine ya hewa.

Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe tunazozisema. Barakoa maalumu ya vumbi, inayobana uso vizuri, husaidia, lakini ni nyongeza ya maji. Wanaoponda mawe nao wayanyunyizie maji kwanza, na mtoto aachwe kwa bibi.

Nguo za shimoni msizikung'ute mlangoni. Zilowekwe kwanza, katika beseni la peke yake. Vizuri zaidi baba avue huko huko kazini.

Huko Afrika Kusini, mwaka 2019, mahakama iliidhinisha makubaliano ya kampuni kubwa za dhahabu kuwalipa fidia wachimbaji wenye silikosisi, pamoja na familia za waliofariki. Iliwezekana kwa kuwa kampuni zilikuwa na majina ya watu kwenye vitabu vyao. Duara la watu sita wanaogawana mifuko ya mawe halina kitabu cha namna hiyo. Basi kama kijana wako amemaliza shule na amepata duara la kuchoronga, kabla hujamfungia nguo zake mwulize wanachoronga kwa maji au kavu. Akisema kavu, mwambie amwulize mwenye duara mpira wa maji ni shilingi ngapi, na ninyi wazazi mpige hesabu ya kuuchangia.