Moyo wa Mtoto wa Mfalme na Fundi Saa wa Delft

Fundi saa Karl Wilhelm Naundorff alipofariki katika mji wa Delft, Uholanzi, mwezi Agosti 1845, jiwe la kaburi lake liliandikwa kwamba aliyelala pale ni Louis wa 17, mfalme wa Ufaransa. Naundorff alikuwa ameshikilia kwa miaka mingi kuwa yeye ndiye mwana wa Louis wa 16 na Marie-Antoinette, waliouawa kwa gilotini mwaka 1793. Watoto wake waliendelea na dai hilo. Walilifikisha mahakamani Paris mwaka 1851, wakarudi tena mwaka 1874, na mara zote mbili wakashindwa.

Kumbukumbu za serikali zilisema mrithi huyo alifia katika gereza la Temple, Paris, tarehe 8 Juni 1795, akiwa na umri wa miaka 10. Dada yake alikuwa kifungoni humo humo, lakini hakuitwa kuutambua mwili. Kwa sababu hiyo uvumi ulienea upesi kwamba aliyekufa ni mtoto mwingine na kwamba mwana wa mfalme alitoroshwa. Makumi ya wanaume walijitokeza, kila mmoja akidai ndiye. Naundorff aliwapita kwa kuaminiwa: alipofika Paris mwaka 1833, Agathe de Rambaud, aliyekuwa mlezi wa mtoto huyo, alikiri kwamba ndiye. Enzi hizo ushahidi mkubwa ulikuwa sura na kumbukumbu, na moyo wenye majonzi huona kile unachotamani kukiona.

Kulikuwa na ushahidi mwingine. Daktari Philippe-Jean Pelletan, mmoja wa waliouchunguza mwili wa mtoto aliyefia Temple, aliutoa moyo wake kwa siri, akaufunga katika kitambaa na kwenda kuuhifadhi ndani ya spiriti. Baadaye ulikauka. Mwanafunzi wake aliuiba, ukarudishwa. Mwaka 1830 jumba la askofu mkuu wa Paris, ulikokuwa umehifadhiwa, lilipovamiwa, chombo chake kilivunjwa, na mtoto wa Pelletan akauokota kwenye vifusi. Hatimaye, mwaka 1975, uliwekwa katika kanisa la Saint-Denis wanakozikwa wafalme wa Ufaransa.

Tishu kavu ya karne mbili ingesema nini? Vinasaba vilivyo katika kiini cha seli huharibika kadiri miaka inavyopita. Lakini nje ya kiini kuna mitokondria, vijisehemu vinavyoizalishia seli nishati, navyo vina vinasaba vyao, herufi zipatazo 16,569. Seli moja huwa na nakala mamia hadi maelfu za vinasaba hivyo, kwa hiyo ni rahisi zaidi baadhi yake kusalia. Tena mtoto huvipata kwa mama peke yake. Marie-Antoinette alivipata kwa Malkia Maria Theresa wa Austria, na dada zake wote pia. Bahati nzuri, nywele za baadhi ya dada hao zilikuwa zimehifadhiwa katika rozari ya familia.

Kaburi la Delft lilifunguliwa mwaka 1950 na mfupa wa mkono ukahifadhiwa. Mwaka 1998 timu ya Jean-Jacques Cassiman wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ilitangaza kwamba vinasaba vya mfupa huo havikulingana na vya ukoo wa Maria Theresa. Mwaka 2000 ikaja zamu ya moyo. Maabara mbili, Leuven na Münster nchini Ujerumani, ziliupima kila moja kivyake. Majibu yalilingana na nywele za ukoo huo, na pia na jamaa waliokuwa hai wa upande wa kike.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Kipimo hiki hakitaji jina la mtu. Husema tu kama mtu huyo ni wa ukoo fulani wa kikeni. Kaka wa mtoto wa Temple, Louis-Joseph, aliyefariki mwaka 1789, alikuwa na vinasaba hivyo hivyo. Wanahistoria walijibu kwamba mioyo ya watoto wa kifalme ilipakwa dawa za kuhifadhia maiti, na huu haukupakwa. Maabara ilionyesha ukoo, nyaraka zikamwonyesha mtoto.

Ufaransa ilikataza mwanamke kurithi kiti cha enzi, lakini ukweli kuhusu mrithi wake wa mwisho wa zama zile umepitia kwa mama, bibi na mama zake wadogo na wakubwa. Moyo huo ulizikwa Saint-Denis tarehe 8 Juni 2004.

Leo vipimo vya vinasaba vinaamua kesi za mirathi hata kwetu Afrika Mashariki, na funzo la Delft linatuhusu: anayepokea majibu ya maabara aulize pia sampuli imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani. Dai la uongo humnyima mrithi haki yake. Kwa mtoto wa Temple lilifanya ubaya zaidi: kwa karne mbili lilikana mateso yake, likasema alipona, ilhali alikufa mgonjwa na mpweke akiwa mikononi mwa watu wazima waliopaswa kumlinda.