Mashine inayopima programu kabla haijafika kwenye siku ya mgao



Siku ya mgao, mfanyakazi wa shirika anatafuta jina la familia katika simu. Jina lisipoonekana, mama anarudi mikono mitupu, na maneno yanaanza: «Wametufuta sababu ya kabila letu», ama «Nafasi zetu wamepewa wenyeji». Pengine hakuna mtu aliyefuta. Ni programu tu iliyobadilishwa ofisini, ikashindwa kusoma aina fulani ya familia. Kosa la namna hiyo linaweza kuzaa chuki kama vile uongo unavyozaa. Kwa hiyo tunaeleza mashine inayosaidia kulizuia, na namna ya kuisimamisha.

Seva ya kati ni nini?

Programu moja hutengenezwa na watu wengi, kila mmoja akibadilisha sehemu yake. Katika mfumo wa uunganishaji endelevu, kila badiliko huletwa mahali pamoja, huchanganywa na kazi ya wengine na kupimwa palepale. Kompyuta inayoongoza kazi hiyo ndiyo seva ya kati. Kipimo kimoja kikishindwa, inawaonya watengenezaji, nao wanajua kwamba badiliko hilo lisipelekwe kwenye simu.

Tuchukue mfano wa Jenkins, programu ya bure inayotumiwa katika nchi nyingi. Kohsuke Kawaguchi aliianza mwaka 2004 katika kampuni ya Sun Microsystems kwa jina la Hudson. Mwaka 2011, baada ya mvutano na kampuni ya Oracle, sehemu kubwa ya watengenezaji iliendelea nayo kwa jina la Jenkins.

Hatua za kuisimamisha

1. Kupata kompyuta. Kwa kikundi kidogo, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 50 zinatosha kuanza. Weka Linux, kisha Java, halafu Jenkins. Kwa kuwa umeme wetu unakatika, mashine iwe na betri, ikiwezekana za nguvu ya jua.

2. Kufunga mlango. Jenkins hufunguliwa kwa mlango nambari 8080. Mara ya kwanza inadai neno la siri ambalo yenyewe imeliandika ndani ya kompyuta. Ukiisha kuliingiza, tengeneza mtumiaji mkuu, kisha mpe kila mtu jina lake na ruhusa zake. Mlango huo usiachwe wazi kwa intaneti nzima.

3. Kuiunganisha na ghala la programu, mfano Git. Seva inaweza kuchungulia ghala kila baada ya dakika chache, ama ghala lenyewe liiarifu. Vyote viwili vikiwa katika ofisi moja, kupima kunaweza kuendelea hata intaneti ikikatika.

4. Kugawa kazi. Seva ya kati itoe amri tu. Vipimo vifanywe na kompyuta nyingine zinazoitwa mawakala. Ndiyo maana inashauriwa idadi ya kazi za kufanyika ndani ya seva yenyewe iwekwe 0. Badiliko lenye nia mbaya likiendeshwa ndani yake, linaweza kufikia maneno ya siri yote.

5. Kuweka akiba. Kwenye Debian na Ubuntu, mipangilio iko katika folda ya /var/lib/jenkins. Inakiliwe mara kwa mara kwenye diski inayotunzwa jengo lingine. Katika majimbo yetu ofisi inaweza kuhamwa kwa saa moja.

Vipimo vinatoka kwenu

Mashine haijui maisha ya mhamishwa. Inapima kile tu ilichofundishwa kupima. Mtengenezaji aliye mbali anaweza kudhani kila familia ina baba, mama na kadi ya uchaguzi. Ninyi mnajua nyanya anayelea yatima watano, mjane asiye na karatasi yoyote, mapacha waliozaliwa siku moja, watu wawili wenye jina moja, na familia iliyohama mara tatu. Kila mfano wa namna hiyo ukiandikwa kuwa kipimo, utaulizwa tena kila programu inapoguswa, bila kuchoka na bila kumpendelea mtu.

Ila vipimo vitumie majina ya kubuni. Orodha ya kweli, yenye majina, vijiji vya asili na mahali watu wanapolala, isiwekwe kamwe katika seva hiyo. Mikononi mwa wenye silaha, orodha kama hiyo inaweza kuua.

Maswali ya viongozi

Seva haiwezi kusahihisha orodha iliyoandikwa kwa upendeleo. Kazi hiyo inabaki kwa kamati, na orodha isomwe mbele ya wahamishwa na wenyeji pamoja. Lakini shirika likija na programu mpya ya kuandikisha, kamati ina haki ya kuuliza:

- Kila badiliko linapimwa na nini kabla ya kufika kwenye simu?
- Mifano ya familia zetu imo katika vipimo?
- Nani anashika ufunguo wa seva, na akiondoka nani anaupokea?
- Jina likikosekana, tunalalamika wapi, na jibu linatoka baada ya siku ngapi?

Ulizeni kabla ya siku ya mgao, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.