Dawa Ikishamezwa, Kazi Ndiyo Imeanza

Jioni, matatu zikishusha abiria kando ya Waiyaki Way pale Kinoo, wengi huelekea nyumbani na mkate, maziwa na bahasha ndogo za dawa. Bahasha zimeandikwa kwa kalamu: 1x3, 2x2, 1x1. Nyingine zimetoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, nyingine PCEA Kikuyu au Wangige, nyingine kemisti ya papo hapo mtaani. Aliyezibeba ameelezwa ni vidonge vingapi ameze. Ni mara chache anaelezwa atazame nini baada ya kuvimeza.

Wadini, kazi hiyo ya kutazama ni ya muuguzi. Daktari huandika dawa na mfamasia huitoa, lakini anayeifikisha mwilini mwa mgonjwa ni muuguzi, na ndiye anayebaki naye inapoanza kufanya kazi. Kosa lililowapita wote waliotangulia bado linaweza kunaswa mikononi mwake. Likimpita na yeye, limeshaingia mwilini.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua kampeni ya kuzitaka nchi zote zipunguze kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Lengo hilo lina maana kwa mtu wa Kinoo pale tu yanapotendeka mambo madogo kando ya kitanda, moja baada ya jingine, bila kurukwa.

Wanjiku yupi?

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ni yule, dawa ni ile, kipimo ni sawa, njia ni sawa na saa imefika. Siku hizi huongezwa mengine, yakiwemo sababu ya dawa, kuandika kilichotolewa na kufuatilia matokeo yake. Katika wadi yenye wagonjwa wengi na muuguzi mmoja au wawili wa zamu, kila moja la mambo hayo hugeuka mtihani.

Tuanze na jina. Katika Kinoo na Kikuyu kwa jumla, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hurithi ya nyanya zao kwa mpango huohuo. Ni desturi inayowaweka wazee hai katika vizazi vyao. Lakini pia ndiyo inayofanya wadi moja iwe na Mary Wanjiku wawili na Peter Kamau watatu. Muuguzi anayeuliza, "Wewe ndiwe Wanjiku?" ataitikiwa na yeyote aliyechoka, asiyesikia vizuri, au anayesubiri dawa kwa hamu. Swali salama ni lile linalomwacha mgonjwa ajitaje: "Shosho, niambie majina yako yote." Kisha nambari ya faili au tarehe ya kuzaliwa, kisha utepe wa mkononi.

Mwanzoni mwa 2018 Wakenya waliona utambulisho ukikosewa unavyoweza kufika mbali. Katika Hospitali ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mtu mwingine. Tukio hilo lilihusu chumba cha upasuaji, lakini kila muuguzi alilielewa mara moja, kwa sababu utepe uleule wa jina ndio unaomwongoza yeye katika kugawa dawa asubuhi, mchana na usiku.

Sifuri moja na kijiko cha jikoni

Kipimo nacho kina mitego yake. Insulini hupimwa kwa yuniti, na mwandiko wa haraka wa herufi U baada ya nambari 10 unaweza kusomeka kama sifuri, yuniti 10 zikawa 100. Ndiyo maana neno hilo huandikwa kamili. Ndiyo maana pia dawa kali kama insulini, heparini, mofini na potasiamu ya mshipani huhitaji wauguzi wawili wazihakikishe, kila mmoja akipiga hesabu yake kabla ya kusikia ya mwenzake.

Mtoto hapewi dawa kwa kukisia umri wake. Hupimwa uzito kwanza. Artesuneti ya malaria kali, kwa mfano, ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa aliyezidi hapo. Mzazi anayeona mwanawe akiandikiwa sindano bila kuwekwa kwenye mizani ana haki ya kuuliza, na hatakuwa amemkosea mtu adabu.

Nyumbani, mtego ni kijiko. Dawa ya maji ikiandikwa mililita 5, kijiko cha chai cha nyumba hii na cha nyumba ile havilingani. Kikombe kidogo au bomba la sindano lisilo na sindano ndivyo vya kupimia. Na 1x3 iliyo juu ya bahasha, hasa kwa antibiotiki, haimaanishi staftahi, chakula cha mchana na cha jioni vilivyobanana katika saa 10. Inamaanisha kila baada ya saa 8, ili dawa isipungue damuni usiku kucha na kuwapa vijidudu nafasi ya kuzaana.

Sindano na mahali pake

Njia ya kuitia dawa ni suala zito kuliko wengi wanavyodhani. Katika Afrika Mashariki bado kuna imani kwamba mgonjwa asiyechomwa sindano hajatibiwa. Imani hiyo imewagharimu watoto miguu yao. Nchini Uganda, madaktari wa mifupa wa eneo la Kumi wamewatibu watoto wengi ambao misuli ya makalio imekakamaa, au mguu umelegea, baada ya sindano za kwinini. Kwetu Kenya, mwaka 2015 iliripotiwa kwamba watoto zaidi ya 20 wa Teso Kaskazini, kaunti ya Busia, walipooza miguu baada ya kuchomwa sindano katika zahanati.

Sababu inajulikana. Neva kubwa ya mguu hupita ndani ya kalio. Sindano iliyopotoka kidogo, au dawa inayounguza nyama iliyomwagika karibu na neva hiyo, huacha ulemavu. Kwa mtoto mdogo, mahali salama ni upande wa nje wa paja.

Hata tone lina njia yake. Mwaka 2019 WHO ilitoa tahadhari kuhusu klorheksidini ya kitovu cha mtoto mchanga. Katika nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara, watu zaidi ya 40 walikuwa wameumizwa macho kwa sababu dawa hiyo, iliyofungwa katika chupa au tyubu ndogo inayofanana na ya macho, ilitiwa machoni. Muuguzi wa wadi ya wazazi anayemkabidhi mama mpya kichupa hicho bila kumwonyesha kitovu kwa kidole, na bila kumtaka mama arudie alichoambiwa, ameacha kazi katikati.

Kutazama ni sehemu ya dozi

Kama kuna dawa inayofundisha kazi ya uuguzi kuliko zote, ni magnesiamu salfeti, inayotolewa kwa mama mwenye kifafa cha mimba au anayekaribia kukipata. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hupunguza kwa nusu hatari ya mama kupatwa na degedege hilo. Lakini dawa hiyohiyo ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi ile ya kupumua.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata, muuguzi huhesabu pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Hugonga goti kwa kinyundo cha mpira aone kama mguu unaruka. Hupima mkojo: usipungue mililita 30 kwa saa, kwa kuwa figo ndizo zinazoiondoa dawa hiyo. Kimoja kikikosekana, dozi husimamishwa na daktari huitwa. Kalsiamu glukoneti, inayotengua nguvu ya magnesiamu, hukaa karibu na kitanda, si katika stoo iliyofungwa. Ukimwondoa mtu wa kuhesabu pumzi hizo, dawa hiyo si salama tena, hata kama dozi yenyewe ilipimwa sawasawa.

Ni hivyo pia kwa sindano ya penisilini. Muuguzi huuliza kwanza kama mgonjwa amewahi kupatwa na mzio, kisha humtaka akae benchini nusu saa kabla ya kuondoka. Wengi huliona hilo kama kupotezewa muda. Lakini mzio mkali huanza ndani ya dakika chache: mwili kuwasha, midomo kuvimba, pumzi kubana, shinikizo la damu kuporomoka. Sindano ya adrenalini kwenye paja humwokoa mtu akiwa bado yuko kituoni. Akiwa ameshapanda matatu, haimfikii.

Somo lililotoka Nairobi

Kuna tukio la kitabibu la Nairobi ambalo lingestahili kujulikana zaidi na Wakenya. Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu nchini walitibiwa kwa thiasetazoni. Ilikuwa rahisi kwa bei, ilichanganywa na isoniazidi katika kidonge kimoja, na majaribio ya miaka ya 1960 hapa Afrika Mashariki yalikuwa yamethibitisha kwamba inafaa. Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980, baadhi ya wagonjwa walianza kupata upele wa kutisha. Ngozi ilichubuka kama ya mtu aliyeungua, mdomo na macho vikapata vidonda.

Watafiti waliwafuatilia wagonjwa jijini Nairobi na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1991. Miongoni mwa waliokuwa na VVU, takribani mmoja kati ya watano alipata madhara hayo ya ngozi. Miongoni mwa wasiokuwa na virusi, alikuwa takribani mmoja kati ya mia. Baadhi walifariki. Baada ya hapo WHO ilishauri wagonjwa wenye VVU wasipewe thiasetazoni, na ethambutoli ikachukua nafasi yake.

Dawa hiyo ilikuwa imepita majaribio. Hatari yake ilifunuka kwa sababu kuna watu waliofunua shuka, wakaona upele, wakauliza ulianza lini, na wakauandika. Hesabu ya namna hiyo haipatikani bila jicho la aliye karibu na mgonjwa na kalamu iliyo mkononi mwake. Wagonjwa wa nchi nyingi walinusurika kwa kile kilichoonekana katika vitanda vya Nairobi.

Jicho hilo lihamie nyumbani

Wagonjwa wengi wa Kinoo leo hawalazwi. Wanaishi na presha, sukari, kifua kikuu au VVU, na dawa wanameza nyumbani. Familia basi ijue yale ambayo muuguzi angeyatazama.

Enalapri ya presha huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Asiyejua hununua dawa ya kikohozi, au huacha ya presha kimyakimya. Anayejua hurudi kliniki abadilishiwe. Nyanya anayemeza glibenklamidi ya sukari kisha akakosa chakula anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa. Apewe kitu chenye sukari mara moja ikiwa bado anaweza kumeza, kisha apelekwe hospitali. Swali la "Shosho, umekula?" kabla ya kumpa kidonge ni uuguzi kamili.

Kwa kifua kikuu, mkojo kuwa rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini si hatari. Macho kugeuka manjano ni hatari, vivyo hivyo kuanza kuona vibaya au kushindwa kutofautisha rangi kwa anayemeza ethambutoli. Ganzi ya miguu hutokana na isoniazidi, na vitamini B6 huizuia. Mama anayemeza rifampisini ajue pia kwamba hudhoofisha vidonge na vijiti vya kupanga uzazi. Naye mwenye presha au vidonda vya tumbo asijinunulie diklofenaki kila mgongo unapomuuma.

Anayekwenda kliniki abebe dawa zote anazotumia katika mfuko mmoja, za mitishamba zikiwemo, aziweke mezani na kuuliza: "Sista, hii ni ya nini, na nikiona nini nirudi?" Kuuliza si ujinga.

Tunalodai

Bodi ya Famasia na Sumu ina mfumo wa kuripoti madhara ya dawa: fomu ya manjano kwa madhara, ya waridi kwa dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka, na njia ya mtandao ambayo hata mgonjwa anaweza kuitumia. Tangu 2010 Kenya ni mwanachama wa mpango wa WHO wa kufuatilia usalama wa dawa, kwa hiyo upele ulioandikwa Kinoo unaweza kusaidia kumlinda mgonjwa wa nchi nyingine. Fomu hizo ziwepo katika kila wadi na kila kemisti, na anayezijaza asitazamwe kama mtu anayejishtaki. Muuguzi anayeogopa adhabu ataficha kosa, na kosa lililofichwa litarudiwa na mwenzake wa zamu ijayo.

Wahamasishaji wa afya ya jamii waliotumwa vijijini na mitaani tangu 2023 wana mashine za kupima presha na sukari. Waongezewe swali moja katika kila nyumba wanayotembelea: dawa unazomeza zinakufanyaje? Nasi tulio wageni wa wadi tujizuie kumwita muuguzi aliye katikati ya kugawa dawa kwa jambo linaloweza kusubiri, kwani hapo ndipo akili yake inapohitajika nzima.

Lililo kubwa zaidi ni idadi yao. Serikali za kaunti hununua dawa kwa mamilioni na kuzipiga picha zikiingia stoo. Kumwajiri mtu wa kukaa na mgonjwa saa moja baada ya dozi hakupigwi picha, na ndiyo gharama inayoahirishwa mwaka baada ya mwaka. Bajeti ya dawa isiyo na bajeti ya wauguzi ni nusu ya matibabu, na wananchi wa Kinoo wana haki ya kuidai nusu iliyobaki.