Kinundu cha Wayoni: Tusikihukumu kwa Macho

Muislamu huosha miguu yake kila atawadhapo, hata baina ya vidole. Ibada hiyo humpa fursa ambayo wengi hawana: kuzitazama nyayo zake kila siku na kutambua mapema kitu kipya kilichoota.

Huku kwetu Endagikot, wilayani Mbulu, kinundu cha wayoni hupewa jina kabla ya kupimwa. Mmoja husema ni funza, wa pili sugu, wa tatu chunjua. Kikianza kutoa damu, nyumba nzima huingiwa na hofu ya saratani. Huenda wote wamekosea.

Upo uvimbe uitwao poroma, ulioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Huanzia katika vijia vya tezi za jasho, nazo tezi hizo zimejaa nyayoni. Ndiyo maana huota zaidi wayoni au ubavuni mwa mguu. Kwa kawaida huwa kinundu kimoja, chekundu au chenye rangi ya ngozi, hukua taratibu na huvuja damu kwa urahisi. Si saratani, wala hauambukizi. Ukiondolewa wote, aghalabu haurudi.

Taabu ni kwamba melanoma, saratani hatari ya ngozi ambayo kwa watu weusi huonekana zaidi miguuni, yaweza kufanana nao. Kwa hiyo daktari mwangalifu hatosheki na kutazama. Hutia ganzi, hukata kinyama, hukihifadhi katika formalini na kukipeleka maabara, ambako mtaalamu hukichunguza kwa hadubini. Hapo ndipo jina la kweli hupatikana.

Basi, ndugu wazazi, tusikate kwa wembe, tusichome kwa dawa kali, wala tusikaze uzi. Kinyama kilichotupwa chooni hakiwezi kupimwa tena, na mgonjwa hubaki bila kujua alichokuwa nacho. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na tiba sahihi huanza kwa kuujua ugonjwa.

Tuanzie hospitali ya Mbulu mjini. Ikilazimu, ipo Haydom, na huko Moshi ipo KCMC, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Kabla ya kukatwa, mgonjwa aulize kwa adabu: "Daktari, kinyama hiki kitapelekwa maabara?" Kisha afuatilie majibu mpaka ayapate mkononi, hata kama kidonda kimekwisha pona.