Je, Wajua? Mwani Mchanganyiko na Mafuta Yake

Je, wajua kwamba maji ya kijani ya bwawa yamebeba mafuta? Rangi ile ni mwani wa chembe moja, mdogo kiasi kwamba hauonekani bila hadubini. Kila chembe hujiwekea akiba ya mafuta, na yakikamuliwa na kusindikwa hupatikana dizeli.

Je, wajua kwamba Marekani ilihangaika miaka 18 kutafuta aina iliyo bora? Mwaka 1978 Wizara ya Nishati ilianzisha mradi uliofungwa 1996. Watafiti walikusanya aina zaidi ya 3,000, wakazichuja hadi zikabaki 300 hivi. Kwa majaribio ya nje, walijenga huko Roswell, New Mexico, mabwawa mawili ya mzunguko, kila moja la mita za mraba 1,000, yenye magurudumu ya makasia yanayozungusha maji mchana na usiku. Huko aina zilizong'ara maabarani zikashindwa. Bwawa la wazi halina mlango, na mwani wa kienyeji uliingia wenyewe, ukaota haraka, ukatawala. Ripoti ya mradi, iliyotoka 1998, ilikiri kwamba njia mojawapo ya kupata mavuno ya kuaminika ni kuuacha huo wa kienyeji ushike bwawa. Kwangu mimi, hilo ndilo somo lenye thamani kuliko mkusanyiko wote wa aina 3,000.

Je, wajua mchanganyiko wa aina za mwani katika bwawa moja unafaidikaje na jua? Mwani wa kijani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Daiatomu, zenye rangi ya kahawia, hunasa pia mwanga wa buluu-kijani ambao wenzao huuachia upite. Mwaka 2012 watafiti wa Munich, Ujerumani, walionyesha kwamba jamii za mwani zenye spishi nyingi zilitoa mafuta zaidi kadiri spishi zilivyoongezeka.

Ipo njia nyingine ya kuongeza mafuta, ila ina hasara yake: mwani ukinyimwa nitrojeni hunenepa kwa mafuta, lakini huacha kukua. Kwa hiyo mkulima wa mwani asipime unono wa chembe moja. Apime mafuta ya bwawa zima kwa mwaka.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya spishi za mwani haziwezi kuishi bila vitamini B12, na huipata kwa bakteria?

Ushirika huo ndio unaosafisha maji taka ya Nairobi katika mabwawa ya Dandora: mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kuozesha uchafu na kurudisha hewa ya ukaa kwa mwani. Hakuna aliyepanda mwani ule. Kazi ngumu ni kuuvuna, kwani lita moja ya maji ya bwawa kwa kawaida haina hata gramu moja ya mwani mkavu. Ndiyo maana William Oswald wa California, aliyeuchunguza ushirika huo tangu miaka ya 1950, alianzia kwenye maji taka: gharama ya bwawa hulipwa na usafishaji, na nishati huwa nyongeza.